Kuhifadhi Vitabu vya Gemu vya Zamani kwa Njia ya Dijitali: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Pwani ya Kusini

Kazi hii niliianza na boksi moja. Lilikuwa limekaa juu ya kabati nyumbani kwetu Mikindani kwa zaidi ya miaka kumi, na ndani yake mlikuwamo vitabu vya gemu vilivyofika Mtwara kila kimoja kwa njia yake: vingine katika marobota ya mitumba, kimoja mkononi mwa baharia aliyeshuka bandarini, na viwili vililetwa na mjomba kutoka Oman pamoja na mashine yenyewe ya PlayStation 2. Chini kabisa palikuwa na madaftari matatu ya shule, ambamo vijana wa kibanda kimoja cha gemu cha Chikongola walikuwa wameandika misimbo ya siri ya Grand Theft Auto: San Andreas, gemu iliyotoka mwaka 2004, na kuchora ramani kwa penseli. Nilidhani vitabu vilivyochapwa ndivyo vyenye thamani na madaftari ni ya kuwashia jiko. Nilikuwa nimekosea.

Ninaposema vitabu vya gemu nakusudia aina mbili. Kuna miongozo ya kuchezea, yaani vitabu vyenye ramani, orodha za silaha na maelezo ya namna ya kumshinda kila adui. Na kuna vitabu vya michoro, ambavyo huonyesha jinsi wachoraji walivyowabuni wahusika na mandhari kabla ya gemu kutengenezwa. Aina ya kwanza karibu imeacha kabisa kuchapwa. Prima Games, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1990 na kumeza mshindani wake BradyGames mwaka 2015, ilitangaza mwaka 2018 kwamba inafunga kazi ya kuchapa miongozo. Jarida la Nintendo Power, lililoanza mwaka 1988, lilikuwa limekwisha kukoma mwaka 2012. Nakala zilizopo ndizo hizo zilizopo, na zile zilizoletwa huku pwani zinapigwa na unyevu na hewa ya chumvi kila siku.

Hatua ya kwanza: kuchagua cha kuanza nacho

Kabla ya kugusa skana, tafuta kama kitabu ulicho nacho kimekwisha kuhifadhiwa na mtu mwingine. Pa kutazama kwanza ni Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1996, kisha maktaba ya dijitali ya Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani iliyoanza mwaka 2017 na kufungua maktaba hiyo kwa umma Januari 2025. Ukikuta nakala, usiridhike na picha ya jalada. Hesabu kurasa, angalia kama bango la kukunjwa lipo, kuza ukurasa wenye maandishi madogo uone kama yanasomeka. Nakala nyingi za mtandaoni zilitengenezwa zamani kwa picha ndogo, na kitabu kilichohifadhiwa vibaya kinaweza kuhitaji kazi yako kuliko kile ambacho hakijaguswa kabisa.

Hata hivyo, mwongozo maarufu wa Kiingereza uliouzwa kwa wingi Marekani una watu wengi wa kuulinda. Kitu ambacho hakuna mtu wa California wala wa Tokyo atakachokihifadhi ni nakala ileile ikiwa na maelezo ya Kiswahili pembezoni, yaliyoandikwa na kijana aliyekuwa anajua Kiingereza kidogo akiwafasiria wenzake waliokuwa hawakijui. Madaftari ya misimbo yako katika kundi hilohilo, tena ndani zaidi, kwa sababu kila moja ni nakala pekee duniani. Kwa hiyo mpangilio ninaopendekeza ni huu: madaftari kwanza, vitabu vyenye mwandiko vifuate, kisha vitabu adimu vilivyo safi, na mwisho kabisa vile ambavyo nakala nzuri ipo tayari.

Hatua ya pili: kuorodhesha

Fungua jedwali moja katika kompyuta na uandike, kwa kila kitabu, jina kama lilivyo kwenye ukurasa wa ndani, mchapishaji, mwaka, namba ya ISBN, idadi halisi ya kurasa, hali yake, na habari za namna kilivyofika mikononi mwako. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka. Usiiruke, maana asili ya kitabu haiko kwenye karatasi. Iko kichwani mwa aliyekuwa nacho, na mtu huhama au hufariki. Jioni moja ya kukaa na mjomba na kumuuliza alinunua wapi na kwa shilingi ngapi inatosha.

Hatua ya tatu: kukausha na kusafisha

Mikoa ya Mtwara na Lindi hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo karatasi hunywa unyevu hadi kurasa zikajikunja. Kazi ya kuskani vitabu vilivyopata unyevu ifanyike kiangazi, Juni hadi Oktoba. Kitabu chenye kuvu kitolewe nje kivulini penye upepo, nawe uvae barakoa, na kuvu ikishakauka ipanguswe kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika. Usianike kitabu juani: jua hukausha kweli, lakini hupausha wino na kuifanya gundi ya mgongo ipasuke kama udongo.

Tahadhari kubwa ni karatasi ya kung'aa, ambayo ndiyo hutumika katika vitabu vingi vya gemu. Karatasi hiyo hupakwa udongo mweupe na vifungio, na ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefumbwa, kurasa hushikana zikawa kama ubao. Hapo hakuna dawa ya nyumbani. Basi kitabu cha namna hii kikimwagikiwa maji, fungua kurasa zikiwa bado mbichi, tia karatasi kavu kati ya kila mbili, na uzibadilishe mara kwa mara. Pini zilizopata kutu katika majarida membamba zinaweza kunyooshwa na kutolewa taratibu kwa kisu butu. Kila karatasi ikishatoka iandikwe namba kwa penseli nyepesi kwenye kona kabla haijaguswa tena.

Hatua ya nne: skana au kamera

Swali hili ndilo linaloamua ubora wa kazi yote, kwa hiyo nitalikalia.

Skana bapa za bei nafuu, zile nyembamba zinazopata umeme kwa waya wa USB, huona vizuri tu kile kilichogusa kioo. Ukurasa ukinyanyuka hata kidogo karibu na mgongo wa kitabu, sehemu hiyo hutoka na ukungu. Kwa jarida lililotolewa pini, au kwa daftari linalofunguka likalala chini, skana hizo zinatosha kabisa. Kwa kitabu kinene kilichogandishwa kwa gundi zinakulazimisha ama kukandamiza hadi mgongo uvunjike, ama kukata mgongo wote na kukigeuza kitabu kuwa karatasi moja moja. Wapo wanaokata bila kusita, kwa hoja kwamba nakala ya dijitali ndiyo itakayoishi. Mimi sikubaliani nao isipokuwa kitabu kimekwisha kuachia chenyewe, na gundi ya kitabu kilichokaa Mtwara miaka 20 mara nyingi imekwisha kuachia. Lakini kitabu chenye mwandiko wa mtu pembezoni nisingekikata hata kwa kubembelezwa.

Njia mbadala ni kamera juu ya kitanda cha kitabu. Nilimwomba fundi seremala mmoja anitengenezee mbao mbili zilizokutana kama herufi V, kwa pembe ya nyuzi takriban 110, ili kitabu kifunguke nusu bila kuumizwa. Kila upande wa kitabu hupigwa picha kwa zamu: kwanza kurasa zote za kulia, kisha zote za kushoto. Juu ya ukurasa huwekwa kioo safi kuunyoosha, na kamera hutazama ukurasa moja kwa moja, si kwa mshazari. Taa ziwe mbili za aina moja, kulia na kushoto, kila moja ikimulika kwa pembe ya nyuzi 45; zikiwekwa karibu na kamera, mng'ao wake hurudi kwenye picha na kufuta nusu ya ukurasa. Zima taa ya kamera, funga mapazia, na uvae nguo nyeusi, kwa kuwa shati jeupe huonekana kwenye kioo kama mzimu.

Je, simu inafaa? Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukurasa wa A4 ukiijaza picha hiyo vizuri, unapata takriban nukta 340 kwa kila inchi, ambazo zinatosha kwa maandishi na ramani. Kwa kitabu cha michoro hazitoshi, na pembe za picha za simu kwa kawaida huwa na ukungu unaoharibu mistari myembamba. Ukitumia simu, ifunge kwenye kigingi kisichotikisika na ubonyeze kwa kuhesabu sekunde, usiishike mkononi.

Hatua ya tano: kuweka vipimo

Kwa madaftari na miongozo ya kawaida tumia nukta 400 kwa inchi. Kwa vitabu vya michoro tumia 600. Skani kwa rangi kamili ya biti 24 hata kama ukurasa ni mweusi na mweupe, kwa sababu rangi ya karatasi iliyochakaa na penseli iliyofifia ni sehemu ya habari. Hifadhi katika TIFF, muundo ambao unaweza kubanwa bila kupoteza chochote, na usitumie JPEG katika hatua hii, kwa kuwa JPEG hutupa habari kila inapohifadhiwa upya.

Zima kila kitu ambacho programu ya skana inakiita uboreshaji: kung'arisha, kunoa, kuondoa vumbi, kusafisha usuli. Nasema kwa uchungu. Kitabu changu cha pili nilikiskani nikiwa nimeacha usafishaji wa usuli umewashwa, kurasa zikatoka nyeupe kama mpya, nikafurahi, nikakirudisha kitabu kwa mwenyewe. Wiki mbili baadaye nikagundua kwamba maelezo yote ya penseli pembezoni yalikuwa yamehesabiwa kuwa uchafu na kufutwa. Ilibidi nimfuate mwenye kitabu hadi Nanyamba nikamwombe upya.

Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoskaniwa ili maandishi ya upande wa pili yasionekane kwa kupenya. Kioo kifutwe kila baada ya kurasa kadhaa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na dawa ya kusafishia inyunyizwe kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo, maana ikiingia ndani ya skana haitoki.

Picha zilizochapwa kitabuni si rangi iliyotandazwa. Ni vitone vidogo vya wino wa rangi nne vilivyopangwa kwa safu. Safu hizo zikigongana na safu za pikseli za skana, hutokea mawimbi ya ajabu yanayoonekana kama kitambaa cha hariri juu ya uso wa mhusika. Watu wengi hudhani skana imeharibika. Dawa yake ni kuskani kwa nukta 600, kuhifadhi hivyo hivyo kama nakala mama, kisha katika nakala ya kusomea kutia ukungu mdogo sana na kuipunguza picha hadi nukta 300.

Kuhusu nafasi, fanya hesabu mapema. Ukurasa wa A4 kwa nukta 400 ni takriban megabaiti 46 kabla ya kubanwa, na kwa nukta 600 ni takriban 104. Mwongozo wa kurasa 240 utakula gigabaiti 11 kwa kipimo cha kwanza na 25 kwa cha pili. Flashi ya gigabaiti 32 inayouzwa stendi haitafika mbali.

Hatua ya sita: majina na ukaguzi

Kila kitabu kiwe na folda yake, na kila faili iwe na namba yenye tarakimu tatu, kuanzia 001 kwa jalada la mbele. Ukurasa mtupu uskaniwe. Tangazo liskaniwe. Stika, kuponi, bango na ramani ya kukunjwa pia viskaniwe; bango kubwa lichukuliwe kwa vipande vinavyopandana angalau kwa robo, kisha viunganishwe katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Mwisho wa siku, kabla ya kukirudisha kitabu mahali pake, fungua kila picha kwa ukubwa wake kamili na uilinganishe na kitabu mkononi. Inachosha, na kwa kitabu kikubwa huchukua zaidi ya saa moja, lakini kurasa mbili zilizogeuzwa pamoja kwa vidole vyenye jasho ndiyo hitilafu ninayokutana nayo kuliko zote.

Umeme unapokatika katikati ya kazi, faili iliyokuwa inaandikwa ndiyo hufa. Fanya kazi kwa kompyuta mpakato yenye betri nzima, na baada ya kila katizo angalia faili ya mwisho kama inafunguka.

Hatua ya saba: nakala ya kusomea

Nakala mama haiguswi tena. Mabadiliko yote hufanywa katika nakala yake. Programu ya bure iitwayo ScanTailor hunyoosha kurasa zilizopinda na kutenganisha kurasa mbili zilizopigwa pamoja. Iache pambizo zote, usikate hadi ukingo wa maandishi. Michoro iliyotanda kurasa mbili zinazotazamana iunganishwe kuwa picha moja, kwani mchoraji hakuikusudia ikatwe vipande.

Ili maandishi yaweze kutafutwa, pitisha faili ya PDF katika OCRmyPDF, programu ya bure inayotumia injini ya Tesseract kutambua herufi. Injini hiyo ina data ya Kiswahili, ambayo msimbo wake ni swa, pamoja na Kiingereza, eng, na Kijapani, jpn, hata kile kinachoandikwa kutoka juu kwenda chini. Kwa kitabu chenye lugha mbili amri huwa ocrmypdf -l swa+eng ikifuatwa na jina la faili ya kuingia na la kutoka. Faili inayotoka huwa PDF/A, muundo uliowekwa kwa ajili ya kuhifadhi kwa muda mrefu.

Mwandiko wa mkono Tesseract hausomi kwa namna ya kuaminika. Madaftari yangu nimeyanakili kwa kupiga chapa mwenyewe, herufi kwa herufi, nikiacha makosa ya tahajia kama yalivyo. Kijana mmoja aliandika mfululizo wa vitufe kwa majina aliyoyabuni mwenyewe: duara aliliita yai, na pembetatu aliiita paa. Ukisahihisha, umefuta lugha ya kibanda kile.

Hatua ya nane: kuhifadhi

Kuwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mji mwingine. Yangu moja iko kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana na vipakiti vya kufyonza unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ya tatu iko kwa dada yangu Masasi, bara, mbali na chumvi ya bahari. Flashi itumike kubebea tu.

Kwa kila faili tengeneza alama ya SHA-256, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiharibika hata kwa biti moja. Katika Linux amri ni sha256sum, na katika Windows ni certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Hifadhi alama hizo katika faili ya maandishi ndani ya folda ileile, na ulinganishe upya mara moja kwa mwaka.

Hatua ya tisa: kushirikisha wengine

Kitabu kuacha kuchapwa hakumaanishi kwamba haki yake imekwisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Marekani hulinda kazi zilizotengenezwa kwa ajira ya kampuni kwa miaka 95 tangu zichapishwe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1997 hautakuwa mali ya umma huko katika uhai wa wengi wetu. Tena si kwamba wenye haki hawafuatilii: wachapishaji wakubwa waliishitaki Internet Archive yenyewe mwaka 2020 kwa kuazimisha vitabu vizima vya dijitali, wakashinda mwaka 2023, na rufaa ikakataliwa mwaka 2024.

Kwa hiyo natenganisha mafungu matatu. Orodha yangu, pamoja na hali na asili ya kila kitabu, naitoa wazi kwa yeyote. Vitabu vilivyochapwa navihifadhi vizima kwangu bila kuvipandisha mtandaoni. Anayevifanyia utafiti anakaribishwa kuvisoma hapa, na kwa kile ninachotaka kukionyesha hadharani naandika kuomba ruhusa kwa mwenye haki, nikitaja kurasa ninazozitaka kwa namba zake. Mwenye shaka kuhusu kazi za hapa nchini aulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Fungu la tatu ni madaftari na maelezo ya pembezoni, na hapa mwenye haki ni kijana aliyeandika, ambaye leo huenda ni dereva wa bodaboda au mwalimu. Mtafute. Mweleze unataka kufanya nini, mwonyeshe picha, na umwombe ridhaa kwa maandishi. Wawili niliowapata walicheka sana, kisha mmoja akaomba jina lake lifichwe kwa sababu ukurasa wa nyuma ulikuwa na hesabu za madeni ya kibanda. Katika nakala ya kushirikisha nimeufunika ukurasa huo, katika nakala mama nimeuacha. Ambao sijawapata, madaftari yao bado hayajatoka nyumbani.

Usisahau kwamba wasomaji wengi wa karibu hawana bando la kupakua faili ya megabaiti 200. Tengeneza toleo dogo la kila daftari, lisilozidi megabaiti 20, linaloweza kupita kwa WhatsApp au kwa Bluetooth pale barazani, na uweke toleo kubwa kwenye diski moja ambayo mtu anaweza kuja na flashi yake akanakili.

Vitabu vyenyewe, vikishamalizwa, virudi katika boksi jipya lisilo na tindikali ikiwezekana, vilazwe bapa na visisimamishwe, na boksi liinuliwe kutoka sakafuni angalau kiganja kimoja kwa kuogopa mchwa. Langu sasa liko chumbani juu ya meza, na kila mwisho wa mwezi nalifungua na kunusa: harufu ya kuvu hutangulia kuonekana kwake.